Heroe Hamsini wa Alhamisi

Mwaka ule niliandika ndege mia mbili na kumi na mmoja katika daftari langu, na kumi na wanne kati yao walikuwa uongo mtupu. Nalisema mapema ili msomaji asije akanidai mwishoni. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliandika mia mbili na wanne, na kila mmoja alimwona kwa macho yake mawili. Wakati ule alikuwa nayo bado yote mawili.

Mchezo wenyewe wa kuhesabu ndege tuliachiwa na mgeni aliyekuja kupima kina cha maji. Alipoondoka alituachia kitabu cha ndege cha Kireno, chenye picha, na darubini iliyopasuka kioo kimoja. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na mbili kwenye shule ya usiku, baada ya kusoma kwa koroboi mpaka nyusi zikaungua mara saba, kwa hiyo nikawa msomaji. Shemeji ni mkulima wa minazi upande wa Quionga, darasa la tano hakulimaliza, lakini ndege akimwona mara moja hamsahau. Tukashindana, mwaka baada ya mwaka. Mimi nilikuwa na safari zangu za vitenge na sabuni mpaka mtoni Rovuma, yeye alikuwa na subira.

Tulijiwekea sheria kali kuliko za serikali. Kila aina ihesabiwe mara moja tu, hata wakija mia, na kila ndege aandikwe jina, wangapi, wapi, saa ngapi, wameelekea wapi. Na mwaka ukikaribia kwisha, wiki moja kabla mwalimu wa madrasa hajasoma orodha zetu mbele ya watu barazani kwake, tunabadilishana madaftari. Langu analibeba shemeji, lake nalibeba mimi, kila mmoja amchimbe mwenzake na kutia alama ya kuuliza kwa penseli pale anaponusa uongo. Anayeshindwa anachinja jogoo.

Watu wazima wawili, mmoja ana cheti, na hatukuwaza hata siku moja tunachokibeba mfukoni. Idadi, mahali, saa, mwelekeo. Katika nchi hii, katika miaka hii.

Wasiotazama ndege hudhani ni mchezo wa watu wapole. Njoo pwani maji yakitoka, umwone membe, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo kama nyundo, anavyomkamata kaa. Anamng'oa mguu mmoja mmoja, anampigiza chini, kaa bado anatembea kwa miguu iliyobaki. Nimemwona kipanga akimnyonyoa njiwa juu ya paa la msikiti, njiwa angali anapepesa macho, manyoya yakiwaangukia watu wanaotawadha. Siku nyingine nilirudi nyumbani nikashindwa kula nyama. Basi, nilikula, ila polepole.

Alhamisi moja, ndege wangu wakiwa nyuma ya wa shemeji kwa mmoja tu, nilikuwa nyumbani nimejilaza. Nilifungua kitabu kwenye picha ya heroe, wale wa rangi ya waridi wenye miguu kama mianzi, na shetani akaketi kando yangu. Nikaandika: heroe hamsini, mashamba ya chumvi, saa kumi na moja jioni, kuelekea kaskazini. Ningeweza kuandika wawili. Lakini mkono wangu haujazoea wawili.

Jioni ile ile watu wenye bunduki na mapanga walipita kwenye mashamba ya chumvi, wakaelekea kaskazini, wakaingia kitongoji cha jirani. Walichoma nyumba na waliomo ndani. Wanaume waliokamatwa walikatwa vichwa kwenye uwanja ambapo watoto huchezea mpira, na mama mmoja tuliyekuwa tukinunua kwake vitumbua alikutwa kisimani. Hapo sitii chumvi. Hapo ningependa kupunguza, na haipunguziki.

Shemeji alikuwa chumvini kweli siku ile. Alilala kifudifudi ndani ya tope la mikoko mpaka kukapambazuka. Na mimi, nilipopata habari, nilijua kuna mstari wa kufuta katika daftari langu. Sikuufuta. Nikiufuta, namba yangu inarudi nyuma.

Miezi ikapita, mwaka ukafika mwisho, tukabadilishana madaftari. Siku ya pili yake, asubuhi, mke wangu aliingia mbio, kilemba kimemwangukia shingoni.

"Kaka yangu wamemshika kizuizini! Wanampiga kwa sababu ya daftari!"

"Daftari gani?"

"Lako! Umeandika nini humo wewe baba?"

Nilichukua daftari la shemeji nikapanda pikipiki. Kizuizi kilikuwa njia panda, gogo juu ya mapipa mawili, na vijana wa ulinzi ambao wengi wao walikuwa wamezika ndugu zao katika kile kitongoji. Watu kama arobaini walikuwa wamepanga foleni juani na mizigo yao. Shemeji alikuwa chini, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya mkonge. Shati lilikuwa limeshikamana na mgongo kwa damu. Jicho la kushoto halikuonekana, palikuwa na uvimbe mweusi kama zambarau, unatiririka. Kijana mmoja alimpiga kitako cha bunduki ubavuni, nikasikia sauti kama ya mtu anayevunja kuni.

Mkubwa wao, mtu mfupi wa bara, alikuwa na daftari langu mkononi.

"Cinquenta o quê?" aliuliza. "Hamsini nini? Chumvini, saa kumi na moja, kaskazini. Nambie!"

"Heroe, chefe," shemeji alisema. "Ndege."

"Uliwaona?"

"Sikuwaona."

Akapigwa tena. Kumbe ndiyo yaliyokuwa yakiendelea tangu asubuhi. Wanamwuliza kama aliwaona hao ndege, anasema hakuwaona. Angesema "niliwaona" pengine wangemwachia. Hakusema. Kwa sheria zetu, ndege usiyemwona huwezi kumkubali, na yeye alizishika sheria huku mbavu zinavunjika.

"Chefe, daftari ni langu!" nilipaza sauti. Bunduki tatu zikanigeukia. Baadaye nilisimulia kuwa zilikuwa thelathini.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndimi. Tunahesabu ndege. Huyu ni shemeji yangu, nalo hili ni daftari lake, tazama."

Alilifungua lile la shemeji, akatafuta Alhamisi ile kwa kidole. Akasoma kwa sauti: "Ndege sululu sita, ukingoni mwa tope, saa kumi. Heroe hakuna. Milio ya bunduki." Akainua macho. "Huyu alikuwepo. Anasema hakuna heroe. Wewe unasema hamsini, wakaenda kaskazini. Waliopita kwenda kaskazini ni nani?"

Nikiendelea kusema niliwaona, tutazikwa wawili siku ile ile.

"Sikuwaona, chefe," nikasema. "Nilikuwa kitandani. Niliandika uongo."

"Kwa nini?"

"Ili nimshinde."

Kitako cha bunduki kilinipata mdomoni. Niliona nyota ambazo hazimo katika kitabu chochote, nikatema meno mawili, na hayo ni mawili kweli. "Mtu haandiki uongo kuhusu ndege!" alifoka yule mkubwa. "Ndege wana faida gani?" Akanikanyaga mkono. Kijana mmoja akakoki bunduki, akaiweka kisogoni kwa shemeji, akamtazama mkubwa wake akingoja.

"Nipe penseli," nikasema kwa mdomo wa damu. "Nitakufutia wote wa uongo, mmoja mmoja. Uone kama jasusi anaandika namna hii."

Sijui kwa nini alinipa. Nilipiga magoti pale vumbini, daftari juu ya paja, nikasoma kwa sauti mbele ya foleni nzima. Heroe hamsini, uongo. Korongo wawili wa mwezi wa pili, uongo, nilisikia tu habari zao. Tumbusi wa mjini Mocímboa, uongo, lilikuwa gunia limenasa mtini. Hapo mwanamke mmoja kwenye foleni alicheka, akajiziba mdomo. Nikaendelea. Damu ilidondoka juu ya karatasi na kufuta wengine kabla sijawafikia. Kumi na watatu.

"Wamekwisha," nikasema.

Shemeji aliinua kichwa kutoka chini, mtutu ungali kisogoni.

"Na bundi?" akauliza.

"Bundi gani?"

"Yule mla samaki wa Rovuma. Nimekutilia alama ya kuuliza."

"Huyo wa kweli, mlamu!"

"Wallahi?"

"Mlamu, wana bunduki!"

"Nakuuliza, wallahi?"

"Nilimsikia," nikasema. "Alilia mtini ng'ambo ya mto."

"Kusikia si kuona. Futa."

"Sheria ya sauti hatujakubaliana!"

"Futa, mwizi we!"

Nikafuta. Foleni nzima ikaangua kicheko, mzee mmoja akashika tumbo, na vijana wawili wa ulinzi wakageuka pembeni mabega yakitikisika. Mkubwa wao hakucheka. Alinipokonya daftari, akapekua kurasa zenye alama za penseli za shemeji, alama ndogo ndogo za kuuliza, kila moja mahali ambapo mimi nimekata. Moja ilikuwa kando ya heroe.

"Alijua," akasema. "Tangu asubuhi alijua wewe ni mwongo, na hakukutaja." Akampa ishara kijana, bunduki ikashuka. Kisha akanipiga kofi moja zito, la mwisho, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mdogo wangu alikuwa katika nyumba mojawapo waliyoichoma. Usiandike tena mahali."

Tulimbeba shemeji kwa pikipiki, mimi mbele, yeye katikati, na yule mwanamke aliyecheka akakaa nyuma akimshikilia. Mbavu ziliunga. Jicho la kushoto halikurudi.

Mwalimu alisoma orodha kama kawaida, shemeji akiwa amelala kwenye mkeka. Mia moja tisini na saba kwangu, mia mbili na wanne kwake. Nilimchinja jogoo mwenyewe, kwa ule mkono uliokanyagwa, hata kisu kikakosa mara ya kwanza, na yule jogoo akakimbia uwanja mzima huku shingo inavuja. Shemeji alikula supu bila kunitazama. Mke wangu hakusema nami mpaka mwezi ukaandama.

Siku hizi tunaandika jina na idadi tu. Tunakwenda pamoja, kwa kuwa upande wake wa kushoto ni giza, nami hutembea upande huo. Wiki iliyopita kundi dogo lilipita chini chini juu ya maji, kushoto kwake.

"Nini hao, mlamu?"

"Membe."

"Wangapi?"

"Tisa."

Akasimamisha penseli, hakuandika. Nikasikia mawimbi, nikawahesabu tena wale ndege, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho akapotea.

"Sita," nikasema.

Akaandika sita.