Dakika Nane kwa Ndege

Kuna ukurasa mtandaoni unaokwambia umbali wa Musoma mpaka Bunda, na hata muda wa safari kwa ndege: dakika nane. Ni ndege gani, hausemi. Niliusoma nikiwa nimesimama sebuleni kwangu Nyasho, hapa Musoma, pasi mkononi, siku mama yangu alipokuwa anahamishwa kutoka Butiama kwenda hospitali Mwanza.

Nilikuwa nimepatana na mdogo wangu wa kike: yeye apande na mama gari la wagonjwa, mimi niwatangulie Bunda. Mama hakutaka kwenda Mwanza bila mimi. Asiponikuta Bunda, alisema, wamrudishe nyumbani akafie huko.

Simu ikaita.

"Kaka, tumeshatoka. Uko wapi?"

Huku kwetu mtu akikwambia ameshatoka, ujue anatafuta soksi. Nilisoma jiografia chuo kikuu. Nikakadiria kisomi kwamba dada bado anafungasha chupa ya chai, na mimi ninayo saa nzima.

"Niko Bunda, stendi," nikasema. "Nawangoja." Nikaiweka pasi chini taratibu, isije ikasikika.

Dada hakuwa anadanganya. Kumbe kuna watu, siku mama yao anaumwa, wanasema ukweli.

Nilikodi teksi. Tunafika Makutano, pale barabara ya Musoma inapokutana na ya Mwanza, simu ikaita tena.

"Tumefika stendi. Mbona hatukuoni? Nyoosha mkono."

Walikuwa wamepita hapo hapo Makutano. Ningesema niko Nyasho, wangenisubiri hapo kidogo wakanichukua.

"Niko huku nyuma ya maduka," nikasema. Dereva wa teksi akanitazama kwenye kioo.

"Maduka gani, kaka? Nesi anasema hatuwezi kukaa hapa. Mama anapumua vibaya, na anasema hasogei mpaka akuone."

Kwa nyuma nilimsikia mama, sauti nyembamba: "Yuko wapi?"

Nikatafuta uongo wa tatu, sikuupata.

"Mdogo wangu, niko Makutano."

"Makutano ipi?"

"Hii mliyopita."

Akasema kwa sauti ya chini: "Msomi mzima. Unadanganyaga siku zote, hata leo?"

"Anasemaje?" mama akauliza.

Dada akavuta pumzi. "Anasema ametangulia, mama. Amepata gari la mbele, anakwenda kututafutia daktari Mwanza."

"Basi twendeni," mama akasema. Nikasikia mlango ukifungwa, na simu ikakatika.

Nikamwomba dereva aendelee mpaka Mwanza. Akaniuliza kama najua ni mbali kiasi gani. Nikafungua tena ule ukurasa, nikaandika Makutano, nikaandika Mwanza, nikakodolea macho zile dakika za angani huku tukitambaa nyuma ya lori la pamba. Bunda tulipopita, nilitazama stendi kana kwamba ningejiona nimesimama pale.

Dada nilimkuta kwenye benchi nje ya wodi, kanga ya mama magotini. Hakusimama.

"Njia nzima aliniuliza kama umefika," akasema. "Nikawa namwambia umefika. Tulipoingia getini akaomba tumwinue kidogo, akutafute kwa macho."

Mama alikuwa amelala na mpira wa hewa puani, macho yamefumbwa. Nesi alisema hajazungumza tangu aletwe ndani. Nilimshika mkono, shati langu limepigwa pasi upande mmoja tu, nikainama sikioni kwake.

"Nipo hapa, mama. Nimefika zamani."

Hakufumbua macho. Nikamwambia tena.