Programu ya Bule na Umeme wa Jirani

Kuna siku moja ya wakati wa vita ninayoikumbuka, mwanangu, ingawa siku hiyo haikulia risasi hata moja. Ilikuwa Butembo, mashariki ya Kongo, kwenye foire, maonyesho ya biashara, katika ukumbi wa parokia. Wakulima kutoka Kipese walileta mbegu za viazi, mafundi walileta viti, na sisi wa kompyuta tulipewa meza mbili karibu na mlango.

Meza moja ilikuwa ya Muhindo, kijana wa tai, aliyeuza programu ya kuandikia na kupigia hesabu. Ukiinunua unapewa namba ya kuifungua, na kila mwaka unanunua namba mpya. Yangu ilikuwa programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuinakili, kuichungulia ilivyotengenezwa, na kumpa mwenzake.

Akaja Mama Masika, mkuu wa shule ya wasichana wanaosomea usekretari. Barabara ya Kasindi, ya kwenda mpakani, ilikuwa imefungwa na vita, namba mpya ya programu ya Muhindo haikufika, na kompyuta zake zote zilikuwa zimegoma. Asipopata dawa kabla ya Jumatatu, wasichana wangerudishwa kwao.

Nikaona bahati yangu hiyo. Nikapanda juu ya benchi, nikapiga kelele kwamba yangu ni ya bure: "Ya bule! Ya bule! Musidanganywe na ule wa tai, ni mwizi!"

Lo! Watu wakarudi nyuma. Mama Masika akakumbatia mkoba wake, akasogea kwa Muhindo.

Jirani yangu wa upande wa pili, Mama Kahambu, muuza mbegu, akanivuta sketi.

"We mutoto, shuka! Miaka hii kitu ya bule inatoka wapi? Si inaibiwa mu nyumba ya mutu? Leo unapokea, kesho mwenyewe anakuya na basoda benye bunduki. Na ule unaita mwizi, angalia kamba ya ordinatere yako. Inaenda wapi?"

Nikaifuata kwa macho ile kamba, waya wa kompyuta yangu. Ilipita chini ya meza mpaka kwenye jenereta ya Muhindo. Tangu asubuhi nilikuwa natumia umeme wake, sijasema hata aksanti. Niliona haya, mwanangu, ningepata gunia la viazi ningeingia ndani.

Nikamwomba Muhindo msamaha. Akacheka. "Mais dada, ungetosha kwanza ile kamba mu jenereta yangu, kisha unitukane."

Ndipo nikamwendea Mama Masika, polepole. Neno bule sikulitaja tena. Nilimweleza walioitengeneza ni nani, kwa nini wanaigawa, na kwamba haitadai namba hata barabara zote zikifungwa. Sikumficha kwamba ya Muhindo wasichana wameizoea, na yangu watajifunza upya. Aliuliza jambo moja tu.

"Ikiharibika, ni nani atakuya?"

"Mimi, mama."

"Ata mu vita?"

"Ata mu vita."

Akaichukua. Jumatatu shule ikafunguliwa. Nami nilikwenda kila nilipoitwa, siku nyingine kwa miguu, watu wote wamejifungia ndani.

Donc basi, wewe unayesimama leo kwenye maonyesho na kompyuta yako, sikia. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini hata chema kinataka mtu wa kukijibia. Usiwaambie watu ni cha bule, waambie kinatoka wapi, na nani atakuja kikiharibika. Na mshindani wako usimtukane, mdomo huponza kichwa, na soko ni moja. Nenda, mwanangu. Mungu akupe maneno machache, miguu isiyochoka, na jirani asiyekuzimia umeme hata siku unapomkosea.