Swarnamali Atafuta wa Kumsikiliza

Watu wa makamo wa Badulla, mji wa milimani nchini Sri Lanka, wanaijua sauti ya Swarnamali hata kama sura yake hawaijui. Kwa miaka kumi na minane alikuwa opereta katika kituo cha simu, enzi zile ambapo mtu akitaka kuzungumza na nduguye aliye Kolombo alinyanyua simu, akasubiri, kisha sauti ya mwanamke ikamuuliza, "Namba gani?" Sauti ile ilikuwa yake. Leo ana miaka sitini na tisa, na bado akienda sokoni kununua fenesi bichi, muuza viazi mzee humtambua kwa kumsikia tu akipatana bei na mtu mwingine. Hugeuka akasema, "Ahaa, Namba Gani kaja!"

Hakuwahi kuolewa. Aliishi na Dilrukshi, mtoto wa marehemu kaka yake, mwanamke wa miaka thelathini na moja anayefanya kazi ofisi ya ardhi. Walipikiana, wakagombana juu ya chumvi, wakaangalia tamthilia pamoja, na maisha yakaenda.

Mwaka jana, mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, Swarnamali akaanza kusikia simu ikilia. Ilikuwa alasiri, mnamo saa tisa, na ilikuwa kengele ya zamani yenye mlio mzito wa chuma. Nyumba ile haikuwa na simu ya mezani kwa miaka mingi. Hata hivyo alinyanyuka, akaenda hadi kwenye kona ya sebule, akakuta chombo cha maua. Siku ya kwanza alijicheka. Wiki ya tatu hakucheka tena, maana alikuwa ameanza kukaa tayari tangu saa nane na nusu, mikono mapajani, akiingojea.

Daktari wa masikio alimpima akasema, "Mama, masikio yako ni ya msichana. Hili si la masikio. Zungumza na mshauri nasaha."

Hospitalini mshauri alikuwapo, lakini alikuja mara mbili kwa mwezi, na waliomhitaji walisubiri kwenye benchi la korido, mkabala na dirisha la dawa, ambapo nusu ya mji hupita.

"Nikae pale?" Swarnamali alimwambia Dilrukshi walipofika nyumbani. "Mke wa mwalimu mkuu anachukua dawa za presha, ananiona mimi nimekaa kwa wagonjwa wa akili? Thubutu!"

"Basi tutafute wa mtandaoni, shangazi. Unazungumza naye hapahapa, kwenye kiti chako. Nani atakuona?"

Jumamosi hiyo wakakaa na simu ya Dilrukshi katikati yao. Washauri walikuwa wengi, kila mmoja na picha yake na maelezo yake, na wengi walitoa dakika kumi na tano za kufahamiana bila malipo.

"Huyu ana shahada mbili," alisema Dilrukshi.

"Ana meno mazuri pia. Funga hizo picha. Mimi sura hainiambii kitu. Nipigie nimsikie."

Wa kwanza alikuwa bwana wa Kolombo mwenye sauti ya kumiminika kama asali. Swarnamali alimpa dakika nne, akamshukuru, akakata. "Huyu anajisikiliza mwenyewe," alisema. Wa pili alikuwa binti aliyeitikia "ndiyo, ndiyo, ndiyo" kabla hujafika nusu ya sentensi. "Zamani huyu tungempeleka kupanga karatasi." Wa tatu alikuwa mama wa Kandy, mpole kabisa, na Swarnamali alikuwa ameanza kulegea, mara akakunja uso. Akaziba simu kwa kiganja.

"Anatafuna."

"Shangazi, mimi sisikii chochote."

"Biskuti. Mimi nimesikiliza watu wakila miaka kumi na minane. Kata."

Dilrukshi akamtazama, nusu anataka kucheka, nusu anataka kulia. "Kwa hiyo unatafuta mshauri au unaajiri opereta?"

Swarnamali akamsogezea simu. "Piga mwingine."

Wa sita aliitwa Sharmini. Alisalimia, akataja jina lake, kisha akanyamaza. Swarnamali naye akanyamaza. Sekunde zikapita. Mvua ilikuwa ikipiga bati.

"Laini imekatika?" aliuliza Swarnamali.

"Haijakatika, mama. Niko hapa. Nakusubiri tu."

Swarnamali akafumba macho. Akaziba tena simu kwa kiganja, safari hii taratibu. "Huyu," alisema.

Wakapanga Alhamisi saa nne asubuhi, kwa simu ya Swarnamali mwenyewe, Dilrukshi akiwa kazini. Alhamisi ya kwanza Swarnamali alivaa sari, akapaka nywele mafuta, akafunga dirisha la upande wa jirani, kisha akakataa katakata kuwasha kamera.

"Kwanza niambie," alisema. "Haya nitakayosema yanaishia wapi?"

"Kwangu, mama."

"Hata mumeo?"

"Mume sina. Na ningekuwa naye, asingesikia."

"Sisi tuliapa, mwanangu, na saini tukaweka. Ukitoa nje neno ulilolisikia kwenye waya, kazi huna."

"Na mlikuwa mkisikia?"

Swarnamali akacheka, kicheko chake cha kwanza baada ya miezi. "Tulikuwa wanawake kumi na mmoja chumba kimoja. Unadhani?"

Basi akaanza kusimulia, na wiki za mwanzo zikawa za kituo cha simu tupu. Alisimulia ile swichibodi ndefu kama kabati la ukutani, yenye matundu mia mbili na nyaya zilizofumwa kwa uzi mwekundu na wa kijani. Alisimulia uzito wa hedfoni za chuma zilizowaachia alama kwenye nywele, hata mtu akipita barabarani ungejua, huyu wa simu. Alisimulia chai ya kwenye chupa waliyokunywa kwa kung'ata kipande cha sukari guru, na jinsi saa sita walivyofungua vifurushi vyao vyote juu ya gazeti moja, wali wa huyu, dengu za yule, na achari ya ndimu ya Pushparani iliyowatoa machozi. Mvua ya mlimani ikikorofisha laini, walipokezana kukiita kwa sauti kituo cha mji jirani, "Haputale! Haputale! Unanisikia?" hadi wanakaukiwa makoo.

Walikuwa na msimamizi, Bwana Tennakoon, aliyevaa viatu vya kulia kwii, kwii. Pushparani aliweza kumwiga kwa kusugua kidole kwenye kioo kilicholowa, na chumba kizima kikakaa wima ghafla, kila mtu na laini yake, kumbe hakuna aliyeingia.

"Pushparani alikuwa Mtamil," alisema Swarnamali. "Simu za mashamba ya chai zilikuwa zake. Alinifundisha Kitamil nikaweza kumshikia zamu, nami nikamnyooshea Kisinhala chake. Ile 'r' yake sikuiweza. Nilimwambia, shoga yangu, mbona unaiviringisha hivyo kama gurudumu? Akaniambia, na wewe Kitamil chako kinachechemea, basi tuandamane hivyohivyo."

Sharmini alicheka naye. Alikuwa hodari wa kuuliza swali dogo na kukaa kando. Wiki ya saba, baada ya hadithi ya harusi ya mmoja wao, akauliza, "Mama, wengine wote umenifikisha hadi walipostaafu. Pushparani alistaafu lini?"



"Maziwa yangu yanachemka jikoni," alisema Swarnamali, akakata.

Alhamisi iliyofuata alituma ujumbe kwamba mvua imeharibu mtandao. Alhamisi nyingine vilevile. Siku hizo kengele ilimjia hata asubuhi. Dilrukshi alikuja kugundua kwa sababu Sharmini, aliyekuwa na namba yake tangu siku ya kuchagua, alimuuliza kwa upole kama mtandao wa Badulla umetengemaa.

"Mtandao una nini, shangazi? Jana umeangalia tamthilia mbili mfululizo."

"Usinihoji kama polisi."

"Sikuhoji. Nakuona unavyokaa pale kwenye kona." Dilrukshi akaketi sakafuni karibu na miguu yake, kama alipokuwa mdogo. "Mimi usiniambie, sawa. Ila yule umemchagua mwenyewe. Uliwakataa watano."

Alhamisi ya tatu Swarnamali hakuvaa sari. Alikaa na gauni lake la nyumbani, akapiga simu yeye, na kabla ya salamu akasema, "Hakustaafu. Aliondoka mwaka themanini na tatu."

Akahamishia simu sikio la pili, akaendelea.

"Ule mwezi wa saba unaujua. Hukuwa umezaliwa, lakini unaujua. Wasinhala wenzangu walichoma maduka ya Watamil, wakachoma nyumba. Pushpa hakuja kazini. Kiti chake kikakaa kitupu na hakuna aliyethubutu kukitazama. Tulisikia wamekimbilia shuleni, wanalindwa, yeye na mama yake. Mimi sikwenda kumwona. Nilijiambia nitakwenda kesho. Kila siku nitakwenda kesho."

Akavuta pumzi.

"Wiki ya tatu, saa tisa alasiri, taa ikawaka kwenye ubao, simu ya kutoka Mannar, kule pwani. Nikauliza, namba gani. Akasema, 'Swarna, ni mimi. Tunavuka kwenda India. Nina dakika chache.' Nami nilikuwa na wakala wa chai kwenye laini nyingine anataka Kolombo, anataka kujua bei za mnada, bei tu! Angeweza kungoja. Na Tennakoon alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema, 'Subiri kidogo.' Nilimwambia kama ninavyomwambia mtu yeyote. Sikutaja hata jina lake. Nikamuunganisha yule wa chai. Niliporudi, laini ilikuwa tupu."

"Mama..."

"Ngoja nimalize. Miaka yote nimejiambia kosa ni la kazi. Laini zilijaa, msimamizi alisimama pale. Uongo. Tennakoon hata asingenifanya kitu, alikuwa mtu mwoga kuliko mimi. Niliogopa wenzangu wasinisikie nikimwita Pushpa. Wiki ile jina lile lilikuwa zito mdomoni. Niliogopa, ndiyo hivyo."

Alilia, na aliposikia kwamba upande wa pili hakuna anayemharakisha, akalia zaidi. Baadaye akajifuta kwa ncha ya gauni.

"Wewe ni wa wapi?" aliuliza.

"Batticaloa, mama."

"Nilijua. Siku ya kwanza nilijua. Hiyo 'r' yako, kama ya Pushpa."

"Na ukanichagua."

"Nikakuchagua. Sasa sema. Nikemee, au niambie nimesamehewa."

Sauti ya Sharmini haikuwa imara kama kawaida. "Siwezi, mama. Mimi si Pushparani, siwezi kukusamehe kwa niaba yake, na nikikukemea nitakuwa nakemea kwa ajili ya watu wangu, si kwa ajili yako. Hiyo si kazi uliyonipa. Lakini nimesikia yote. Sikukata."

Swarnamali alikaa na maneno hayo. Kwa namna fulani yalimtosha kuliko msamaha, maana msamaha asingeuamini.

Hawakuishia hapo. Waliendelea kila Alhamisi kwa miezi minne zaidi. Siku nyingine alikasirika, siku nyingine alizungumzia magoti yake tu. Siku moja Sharmini alimuuliza, kama Pushparani angekuwa anasikiliza sasa, angesema nini. Swarnamali akafungua mdomo, na Kitamil kikatoka, kile kinachochechemea, na kwa sauti ya Pushpa hasa: "We mwanamke, miaka arobaini umenishikisha laini, bili analipa nani?" Wakacheka wote wawili hadi Sharmini akaomba radhi akanywe maji. Kengele ilikuwa imepungua kufikia wakati huo. Ilikuja labda mara moja kwa wiki, na alipoisikia hakunyanyuka.

Dilrukshi alijaribu kumtafuta Pushparani mtandaoni. Alipata Pushparani wengi wa Tiruchirappalli, kule India, walimu, wauguzi, bibi mmoja mwenye wajukuu kumi, na hakuna aliyekuwa yeye. Swarnamali alizitazama picha zote, hata akaomba zile zenye sauti. Mwishowe akasema, "Basi, mwanangu. Inatosha. Akiwa hai ana watu wake."

Lakini kutafuta kule kulimfungua. Siku ya mwezi mpevu, ambayo Wabudha huifanyia ibada, alipotoka kuweka maua hekaluni, alimpigia Dayawathie, mmoja wa wale kumi na mmoja, aliyehamia Bandarawela kwa mwanawe. Walikuwa hawajazungumza kwa miaka tisa, tangu msiba fulani.

"Namba gani?" alisema Swarnamali.

"Mungu wangu! Swarna! Bado hujafa?"

"Nakungoja wewe utangulie."

Walizungumza saa nzima juu ya magonjwa, wakwe, na nani kabaki. Kisha Swarnamali akamsimulia. Alisimulia kwa kifupi, bila kujipamba, taa ya Mannar na wakala wa chai na woga. 

"Swarna," alisema Dayawathie. "Unakumbuka hedfoni ya Pushpa? Ile iliyokuwa na sponji laini?"

"Nakumbuka. Wote tuliitamani."

"Niliichukua mimi. Siku ya pili tu tangu aache kuja. Hata wiki haijaisha, hata hatujui kama yu hai. Nikaiweka kwenye nafasi yangu, na yangu iliyochakaa nikaitundika kwake. Nikaivaa miaka kumi. Mume wangu hakujua, kasisi hakujua."

 Dayawathie akapenga kamasi kwa nguvu, hivyo hivyo kama alivyopenga ujanani.

"Ilikuwa laini kweli?" aliuliza Swarnamali.

"Laini sana, mwenzangu. Ndiyo ubaya wake."

Wakapanga kuonana Jumapili, Dayawathie aje kwa treni ya asubuhi. Swarnamali aliweka simu chini, akaenda jikoni kumwambia Dilrukshi anunue samaki, tena wasiwe wadogo, maana mgeni mwenyewe mlaji.