Nilificha sangara mdogo kikapuni, Wasswa akanyang'anywa permit

Wakuu, habari zenu. Shikamoo siwapi, wengi wenu ni rika la wajukuu zangu.

Mimi ni bibi wa hapa Kisugu, shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo mtavumilia mwandiko. Ninayoandika ni ya kweli, na yananiaibisha.

Mjukuu wangu Nekesa, mtu mzima mwenye kazi yake, alinitoa out Jumamosi moja ya jua kali. Tukaenda Ggaba, kando ya ziwa, kuvua kwa ndoano, kujifurahisha tu. Mwenye boti anaitwa Wasswa, baba wa watoto wanne, mpole.

Kabla ya kuondoka alitueleza sheria: sangara asiyefika kipimo anarudishwa majini. Nikaitikia.

Tulikaa hadi saa sita bila kitu. Halafu ndoano ya Nekesa ikavutwa, samaki wake wa kwanza maishani, akapiga kelele kama mtoto. Wasswa akamlaza sangara kwenye rula. Hafiki. Akampa Nekesa amrudishe.

Sasa hapa niwaeleze. Kwetu Busia, samaki wa kwanza wa mtoto hatupwi. Anapikwa na bibi yake, na mtoto ndiye anakula kichwa. Bibi yangu alinipikia wangu.

Nikamwambia Nekesa alete, nitamrudisha mimi. Wasswa alikuwa ameinamia injini. Nikamfunga samaki kwenye gazeti, nikamtia kikapuni mwangu, chini ya chapati.

Nekesa aliona. Nikamkazia macho, akanyamaza. Ndivyo nilivyomlea.

Tulipofika nchi kavu tukakuta wakaguzi wa uvuvi. Wasswa akawaambia kwa kucheka kwamba huyu mama ni mtu wa kanisa, wasimsumbue. Mmoja akafungua kikapu.

"Hii ni ya nani?"

Wakuu, mdomo wangu huu, unaofokea watoto wa mtaa mzima wakidanganya, ulikataa kufunguka. Watu walikuwa wamejaa, wanatazama. Nikawa nahangaika na kamba za life jacket.

"Boti ni yangu, afande," Wasswa akasema.

Permit ikachukuliwa, boti ikafungwa mnyororo. Hiyo boti ndiyo inalisha watoto wake. Mimi nikapanda boda nikaenda zangu nyumbani.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma kanisani. Nekesa, ambaye hupiga simu kila jioni, hakupiga.

Jumatatu nikarudi Ggaba peke yangu. Nikawaambia wakaguzi, wauza samaki wote wakisikia, kwamba samaki alikuwa wangu na Wasswa hakujua. Wakaandika. Wakasema wataangalia.

Wasswa nilimkuta kando ya boti yake, anashona nyavu za mtu mwingine. Nikapiga magoti. Akaniinua haraka, maana hapa mwanamke wa umri wangu hampigii magoti kijana.

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja siku ile.

"Jjajja," akaniita, yaani bibi, "nilijua ni wewe. Nilikuwa nangoja uongee."

 

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani kwa kuwa nagombeza waongo, basi mimi si mmoja wao. Ukali wangu wote ulikuwa kwa watu wengine.

Permit bado haijarudi. Anayejua hufuatiliwa ofisi gani aniambie, nitaenda kwa miguu yangu. Na anayetaka kunisema aniseme hapa chini. Nitasoma zote.