Mtoto alisamehe mbele ya kanisa, nusura arudishwe kwa aliyemuunguza: siku niliyosimama naye mahakamani Johannesburg

Wakuu nawasalimu. Na akina dada wa humu nawasalimu pia, maana mkisahauliwa mnanuna.

Hili jambo limenikaa kifuani tangu 2017 na leo nimeamua kulitua. Sina cha kupata kwa kuwaongopea. Majina nimebadilisha, kwa sababu mtoto bado ni mtoto na ana maisha yake mbele.

Kwa wasionijua: mimi ni Mtanzania wa Morogoro, nimeolewa Joburg. Mume wangu ni Msauzi lakini kazaliwa kwetu Morogoro, wazazi wake walikuwa uhamishoni enzi za ubaguzi. Tunaishi Soweto. Wanangu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kizulu, halafu wananicheka. Kwa hiyo nilikuwa na Kiswahili kingi kisicho na pa kwenda.

Sasa kuna shirika dogo la watu wa kujitolea. Kazi yao ni kusimama na watoto mahakamani, wale waliopigwa au kutelekezwa, ambao wako kwenye vituo vya kulelea watoto wakisubiri mahakama ya watoto iamue waishi wapi. Si mawakili. Unapewa mtoto mmoja, unamtembelea, unaongea na walimu na majirani, halafu siku ya kesi unakaa pembeni yake. Hakimu akikuuliza, unasema ulichokiona. Basi.

Walikuwa wanatafuta mtu wa Kiswahili kwa ajili ya watoto wa Kikongo. Nikaenda.

Kwenye training kanuni ya kwanza tuliyopewa: mahakamani huongei mpaka uulizwe. Mume wangu aliposikia hivyo alicheka mpaka akakohoa. Ananijua. Mdomo wangu hauna breki.

Mtoto niliyepewa nitamwita Faida. Binti wa miaka tisa, Mkongo wa Bukavu. Mama yake alifariki hapa hapa Joburg, baba hajulikani alipo, akabaki kwa mjomba wake, Jeppestown, kwenye jengo la zamani ambalo kila chumba kina familia yake. Mjomba ni mlinzi, anaondoka jioni anarudi asubuhi. Mtoto anabaki na mke wa mjomba.

Huyo mwanamke ndiye aliyemuunguza mkono kwa pasi. Kisa? Faida alikuwa anampigia pasi, akaunguza blauzi yake ya kanisani.

Narudia wakuu, blauzi.

Mwalimu akauona mkono, akapiga simu kwa social worker. Kabla mtoto hajachukuliwa ikapita wikiendi moja, na ndani ya wikiendi hiyo ndipo mambo yalipoharibika.

Jumapili wazee wa kanisa lao wakaitisha kikao cha kupatanisha. Vikao hivi wengi tunavijua. Watu wazima wanakaa, soda zinaletwa, aliyekosa anaomba radhi, aliyekosewa anasema nimesamehe, wanashikana mikono, pambio, limekwisha. Ukilifufua baada ya hapo, mbaya ni wewe. Na msemo wake tunao: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Siupondi utaratibu huu. Umeokoa ndoa nyingi, ya dada yangu ikiwemo. Lakini ni wa watu wazima! Mtoto wa miaka tisa unamweka katikati ya wazee, mwanamke aliyemuunguza kapiga magoti analia, kanisa zima linamkodolea macho, unamuuliza, "Unamsamehe mama yako?" Atasema hapana? Sisi tumewahi kuwafundisha watoto wetu kusema hapana mbele ya wazee?

Akasema nimesamehe. Wakamrekodi kwa simu.

Wiki iliyofuata akapelekwa kituoni. Social worker wake, binti wa Kizulu, mpole, kazi zimemzidi na Kiswahili hajui hata neno, akaonyeshwa ile video. Akaona mtoto na mke wa mjomba wamekumbatiana, watu wanaimba. Akamuuliza Faida kwa Kiingereza cha shule, umemsamehe? Mtoto akasema ndiyo. Akapendekeza arudishwe nyumbani. Kwa kweli simlaumu sana. Ningekuwa sijui desturi zetu, hata mimi video ile ingenitoa machozi.

Hapo ndipo mimi nilipoingia. Kisipobadilika kitu, hakimu anamrudisha Faida kwenye chumba kile, na mjomba jioni anaenda zake lindo.

Nikawa naenda kituoni kila Jumamosi. Faida alikuwa mtoto wa ndiyo. Umekula? Ndiyo mama. Una njaa? Ndiyo mama. Nikuletee sweta? Ndiyo mama. Nikimuuliza kama anataka kurudi kwa mjomba, anaangalia viatu. Nilikuwa napanda taxi kurudi Soweto nimechoka utadhani nimelima.

Nikaenda Jeppestown kuwaona majirani. Aisee, wengi walinifungia mlango. "Hayo yalishaisha kanisani, dada." Ghorofa ya chini nikamkuta fundi cherehani, mjane wa Kikongo, nitamwita Mama Riziki. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anampa Faida chakula, na mambo yakichafuka huko juu mtoto anashuka kulala kwake. Nikamuuliza kama angekubali kumlea.

"Hata leo namuchukua," akasema. "Lakini dada, mimi niko wa kanisa ile ile. Kikao ilishaisha. Nikienda kwa tribunal kusema, watasema Mama Riziki anavunja amani."

Nikamuuliza ni amani gani hiyo mtoto ana bandeji mkononi. Nikaongeza na mengine ambayo mods wa humu watayafuta. Nikamtajia na siku ya kesi, yeye akaendelea kushona. Nikatoka pale na hasira zangu. Kwenye robot ya kona, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, nikavuka bila kuangalia, dereva mmoja akanitukana Kizulu, na mimi nikamrudishia cha kwetu.

Siku ya kesi ikafika.

Mahakama ya watoto si kama mnavyoona kwenye tamthilia. Ni chumba kama ofisi, meza ndefu, hakimu mama wa makamo mwenye miwani, na mkalimani pembeni. Mjomba kavaa suti, mkewe kajitanda mtandio. Wazee wa kanisa wamejaa kwenye korido na Biblia zao.

Kabla hatujaingia Faida akanivuta mkono. Tangu nimfahamu hakuwahi kuniuliza swali.

"Mama, nikisema sitaki kurudi, si itakuwa nilidanganya? Mungu atakasirika. Nilisema nimesamehe."

Jamani. Kumbe ndicho kilichokuwa kimemkaba muda wote ule! Mtoto anaamini akishasamehe ni lazima akalale kule kule.

Nikachuchumaa. Nikamwambia, Faida, msamaha uko moyoni, na wewe umeshautoa, hakuna anayekudai. Pa kulala ni jambo lingine kabisa, na Mungu anajua. Akaitikia ndiyo mama. Lakini ndiyo zake nilishazizoea, sikujua kama imemwingia au la.

Tukaingia. Social worker akasoma pendekezo lake. Mjomba akaomba kuonyesha video, akaiweka simu mezani kwa heshima zote, mikono miwili. Mkalimani akawa anatafsiri. Sala. Maombi ya radhi. Kisha sauti ndogo ya Faida, "Nimemusamehe." Baada ya hapo vigelegele na makofi.

Hakimu akawa anaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. 

Ila macho yangu yalikuwa kwenye kile kioo cha simu. Watu wanashangilia, lakini mdomo wa Faida bado unacheza. Mtoto anaendelea kuongea! Na mimi sijaulizwa. Nikajikaza kisabuni, nikabana midomo, nikanyoosha kidole kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Hakimu akanitazama juu ya miwani.

"Ndiyo, mama?"

"Mheshimiwa, naomba irudishwe nyuma kidogo. Mtoto alikuwa hajamaliza kuongea."

Mjomba akasema hapo ni kelele tu za watu. Hakimu akasema irudishwe, sauti iongezwe, na simu apewe mkalimani. Mara ya kwanza hatukupata kitu. Ikarudiwa. Mkalimani akainamisha sikio kabisa, akafumba macho, kisha akainua kichwa akamtafsiria hakimu. Na mimi nilikuwa nimeshasikia.

"Nimemusamehe. Lakini niko naomba nilale kwa Mama Riziki."

Na baada ya maneno hayo, kwenye video hiyo hiyo, mzee mmoja anasikika anacheka, "Haya haya, imeisha," na pambio linaanza.

Mjomba aliichukua simu yake akaitazama muda mrefu. Nadhani na yeye ndiyo kwanza alikuwa anayasikia maneno yale. Alikuwa anawaonyesha watu video ile miezi yote hiyo, anajivunia.

Hakimu akawaomba watu wazima wengine watoke, tubaki mkalimani, social worker na mimi. Akamgeukia Faida, sauti ya chini, akamuuliza kama bado anataka vile alivyoomba siku ile.

Faida akaangalia viatu. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha.

"Nilisamehe," akasema. Akainua kichwa. "Kurudi, sitaki."

Wakuu, mimi ni mtu wa makelele lakini pale nililia kimya kimya kama mfiwa. Ila kilio cha raha. Mzigo wote niliokuwa nimeubeba miezi ile ulishuka hapo hapo kwenye kiti.

Hakimu akauliza huyo Mama Riziki ni nani na anapatikana wapi. Nikawa natafuta maneno ya kueleza kwamba anapatikana, ila ameogopa. Social worker akatoka nje kuita watu warudi.

Akarudi na Mama Riziki.

Kumbe alikuwa kwenye korido muda wote, sikumwona kwa ule umati, amekaa mwisho wa benchi peke yake, wazee wa kanisa lake wamempa mgongo. Pini za kushonea bado ziko kifuani kwenye blauzi. Akaniambia tu, "Nilifunga cherehani," akakaa karibu na Faida.

Mambo hayakuisha siku ile. Ilibidi nyumba yake ikaguliwe na yeye mwenyewe ahojiwe, mtoto akaendelea kukaa kituoni kwa wiki kadhaa. Mwishowe hakimu akaamuru Faida akalelewe na Mama Riziki, social worker akifuatilia. Mjomba anaruhusiwa kumtembelea, na anaenda kweli, Jumapili na mkate na maziwa. Mkewe bado hajaruhusiwa. Kanisani wengine waliacha kumsalimia Mama Riziki. Wengine walianza kumpelekea vitambaa vya kushona kwa makusudi, kumuunga mkono bila kusema.

Nilichojifunza ni hiki. Tupatanishe, tusiache mila nzuri. Lakini kwenye kesi ya mtoto, msamaha wake usiwe ndiyo njia ya kumrudisha alikoumizwa. Na akianza kuongea, mwacheni amalize kabla hamjapiga makofi. Eish, ni kitu kidogo lakini kilitaka kumponza mtu.

Siku ya kumtoa kituoni nilimpeleka mimi mwenyewe. Mama Riziki alikuwa kwenye cherehani, godoro dogo katandika pembeni, shuka mpya. Faida akasimama mlangoni na begi lake, haingii.

"Nitalala hapa leo?"

"Ndiyo," Mama Riziki akamjibu, anatia uzi kwenye sindano.

"Na kesho?"

"Na kesho."

"Na Jumapili, kikiitwa kikao?"

Mama Riziki akaweka sindano chini. "Hata waite kikao ya dunia nzima. Mwanangu, utaolewa ukitokea hapa."

Faida akaingia. Akakaa kwenye godoro, akajilaza na viatu vyake. Ilikuwa mchana kweupe na jengo zima lina kelele, lakini kabla sijamaliza chai yangu alikuwa ameshalala fofofo.

Wakuu, waliowahi kukaa kwenye kikao cha aina ile na mtoto akiwa katikati, semeni hapa chini. Alisema nini yule mtoto, na kuna mtu alimsikia? Hata wa kunipinga mje, ila kwa adabu, mdomo wangu mnaujua.