Kwenda Kigwena Kusalimiwa

Nilifunga safari hii kwa sababu tangu mama afariki hakuna mtu aliyenisalimia. Naomba nieleweke vizuri. Hapa Mpanda watu wanasalimu mpaka wanachosha. Ukitoka kuchota maji tu umeshaulizwa habari za asubuhi, za nyumbani na za watoto ambao huna. Mimi nazungumzia akazehe, salamu ya kuimba ya wanawake wa Kirundi. Mama alitoka nayo Burundi alipokimbia akiwa msichana, akaiimba miaka yake yote katika makazi ya wakimbizi nilikozaliwa mimi.

Ngoma za Burundi mnazijua, zile kubwa zinazobebwa kichwani na wanaume wanaoruka juu. Akazehe haina ngoma wala makofi. Wanawake wawili wanashikana mabega, mmoja anatupa, mwenzake anapokea. Anayetupa ndiye mwenye maneno. Anayepokea anaingia kwenye mapengo, "ego, ego mama," yaani ndiyo, ndiyo mama, haraka haraka, mpaka sauti zinasukana kama ukili na msikilizaji hajui tena nani ni nani. Mama alikuwa anatupa, mimi napokea. Hata kwaya ya kanisani walinipa sauti ya pili nikiwa binti, na hadi leo nina mvi hakuna aliyewahi kufikiria kunihamisha.

Alipokuwa hoi kitandani aliniambia, "Ukiikosa salamu, nenda kwa Yolanda." Yolanda ni mdogo wake, aliyerudi Burundi amani ilipopatikana. Namba yake ya simu ilikuwa imekufa siku nyingi. Nilichojua ni kwamba alikaa Rumonge na kwamba, zaidi yake, sikuwa na mtu mwingine duniani wa kuimba naye. Nikafunika cherehani yangu kwa kitambaa, nikaondoka.

Kigoma, kule Kibirizi, nilipanda boti ya injini alfajiri kuelekea Kagunga. Wasichana wachache walikuwa na simu inayopiga Bongo Fleva, na kila kiitikio kilipofika waliimba wote pamoja huku wakicheka. Waliniita niimbe nao. Nikatikisa kichwa, nikajifanya natazama milima, kisha nikajuta mpaka tunashuka.

Kutoka Kagunga nilivuka mpaka kwa miguu hadi Kabonga, pembeni ya nyavu zilizoanikwa. Ofisa wa mpakani alikuwa kijana mpole aliyekagua pasipoti yangu kwa makini.

"Unakuya kufanya nini, mama?"

"Kusalimiwa."

"Kusalimiwa tu? Na mizigo iko wapi?"

"Sina."

Alinitazama kama mtu asiyejua acheke au aite mkubwa wake, kisha akagonga muhuri.

Nyanza-Lac nilipata basi dogo la Rumonge. Dereva alikuwa mpenzi wa rumba ya Kikongo. Magitaa yakaanza kujibizana, moja juu, moja chini, nami nikajikuta nalifuata lile la chini kwa kidole gotini. Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee mwenye hasira za karibu, amepakata kitu kirefu ndani ya gunia. Alifunua kidogo nikaona ubao uliochongwa kama sinia refu, na nyuzi juu yake. Ilikuwa inanga. Alikuwa anakwenda kuipiga kwenye harusi.

"Hii zamani ilipigwa kwa wakubwa," alisema. "Unapiga, unanong'ona. Sasa gitaa zimevuka ziwa, watu wanataka kelele."

Nikamwambia mimi natafuta akazehe. Alicheka kwa mara ya kwanza.

"Iyo iko ya wamama. Na iko ya watu wawili. Miye, inanga yangu haihitaji mutu."

Alisema hivyo kwa majivuno, nami nikamwonea wivu. Tulipita msitu, tukapita michikichi mingi iliyojipanga hadi karibu na maji, na mtu akateremka mahali panapoitwa Kigwena. Sikujishughulisha hata kuchungulia dirishani.

Rumonge nilifika mchana, soko limejaa harufu ya mawese na ndagala, dagaa wa huko. Nilichukua chumba kwa Mama Furaha, mwanamke wa Uvira aliyevuka kutoka Kongo na kufungua nyumba ya wageni nyuma ya kanisa la Wakongo wenzake.

"Karibu mama. Uko weye moja tu?"

"Niko peke yangu."

"Mbona? Mutu hatembeake hivi peke yake!" Akanipangusia kiti. Nilipomtajia Yolanda alipiga paja. "Yolanda wa mawese? Alihamaka. Iko Kigwena sasa, kwenye michikichi yake. Umepita pale pale!"

Nilijiona mjinga kabisa. Mama Furaha hakunipa nafasi ya kujisikitikia. "Weye unaimbaka?"

"Sauti ya pili."

"Alto! Kuya basi. Leo jioni iko repetisyo ya korali, na ba-alto tunakosa."

Nikaenda naye mazoezini. Nyimbo za kwaya yao sikuwa nazijua. Zilikuwa za Kivu, zenye ngoma na gitaa, na mwishoni zinaongeza mwendo mpaka watu wanacheza. Lakini mtu wa sauti ya pili hahitaji kujua wimbo. Unasikiliza aliye mbele yako, unamdandia. Ubeti wa pili haujaisha nilikuwa nimeingia, na wanawake wa safu yangu wakanigeukia wakitabasamu. Kwa kitambo kile nilikuwa mtu wa mahali fulani. Kisha mazoezi yakaisha, kila mmoja akaondoka na wenzake, dada na dada, mama na binti, wakiendelea kuimba barabarani. Nilirudi chumbani nikavua viatu. Upweke ulinikaa kifuani waziwazi, na sioni sababu ya kuuita jina jingine.

Kigwena nilifika asubuhi kwa pikipiki. Yolanda nilimkuta anachemsha ngazi, matunda ya mchikichi, kwenye pipa, mikono myekundu kwa mafuta. Ana uso wa mama, ila mwembamba zaidi. Aliniangalia, akajua mimi ni nani, na kwamba mama hayupo tena.

"Mtoto wa Marita!"

Akafuta mikono kwenye kitenge, akaja akichechemea, akanishika mabega. Nami nikamshika yake. Nikafumba macho. Nilikuwa nimekuja mbali kote kule kwa ajili ya sauti ambayo sasa ingetoka.

Haikutoka. Kuni zilipasuka chini ya pipa. Nikafumbua macho, nikaona na yeye amefumba yake, anasubiri.

"Mbona hutupi?" akauliza.

"Mama mdogo, mimi napokea."

Aliniachia mabega polepole. "Na mimi napokea. Kwetu alikuwa anatupa Marita. Yeye ndiye mkubwa."

Tulicheka kwanza, halafu nikalia. Sikulia hivyo hata siku ya mazishi. Yolanda alikaa juu ya gogo la mchikichi, akaniacha nilie, akachochea moto wake.

Mchana kutwa tulijaribu kumkusanya mama. Nilikumbuka maneno aliyonitupia nilipofeli mtihani, na mengine ya mbuzi wetu alipougua. Yolanda alikumbuka ya siku yake ya ndoa, na ya siku aliyoagana na mama ili arudi huku. Hakuna yaliyofanana hata kidogo. Mimi nikaanza kukasirika, nikamwambia lazima kulikuwa na maneno yenyewe, ya asili, na kwamba amesahau.

"Sijasahau," alisema. "Marita hakuwa na maneno. Alikuwa anakutazama, halafu anakuuliza. Mimi miaka yote aliniuliza habari za goti langu."

Nikamtazama goti. Lilikuwa limevimba, na tangu nifike sikuwa nimeuliza.

Asubuhi ya kuondoka, mwenye pikipiki alikuwa ameshawasha. Yolanda alinishika mabega tena, akafumba macho kama jana, akasubiri. Angeweza kusubiri hivyo mpaka michikichi izae tena. Nikaanza. Nilianza chini, kwenye sauti ya pili, kwa sababu huko ndiko koo langu linakokujua. Nikamuuliza goti. "Ego, ego mama," akapokea, haraka, mahali hasa pa kupokelea. Nikauliza michikichi, nikauliza pipa lililotoboka, nani anamletea maji, nani anafunga mlango wake jioni. Ego, ego mama. Nikamuuliza kama anamkumbuka Marita. Hapo sauti yake ilichelewa kidogo, kisha ikaja. Mwenye pikipiki alizima injini.

Mpanda nilirudi kwa njia ile ile. Nimejifunza kwamba nilikwenda kutafuta maneno wakati mama aliniachia kazi ya kuuliza, na kazi hiyo haifanyiki bila mtu wa kuulizwa. Kila Jumapili baada ya ibada nampigia Yolanda kwa simu ya jirani yake. Hatusukani hata kidogo. Mtandao unachelewesha sauti, ego yake inaniangukia katikati ya swali linalofuata, na anayetusikia angedhani tunagombana. Kwa hiyo sasa natupa swali moja, nanyamaza, nasubiri.

Jumapili iliyopita, nikiwa nimenyamaza hivyo, Yolanda hakupokea. Alitupa. Kwa sauti ya kutetemeka, ya mtu ambaye hajawahi kuanza wimbo maishani mwake, aliniuliza: na wewe, nani anafunga mlango wako jioni?

"Ego," nikaimba, "ego mama," kwa mazoea, ingawa hilo halikuwa jibu la swali lake. Kisha, jioni ilipoingia, nikaenda nikaufunga mwenyewe.