Mkamwana Aliyetema Mate Nyuma ya Jiko

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja kata ya Kitahana, wilayani Kibondo, Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, hakunionyesha hata pa kuweka begi. Alinisimamisha mlangoni tukitazama benchi la wagonjwa, akasema, "Sista, mwanamke wa umri wa kuzaa akija anatapika, kwako ana mimba mpaka uhakikishe hana. Ukikimbilia dawa za malaria utakuja kulia." Mimi nilitoka Singida, muuguzi mkunga mbichi, na mwoga wa kuzaliwa. Nikaogopa tangu saa ile.

Nyinyi vijana mnachovya kikaratasi kwenye mkojo mnasubiri mistari. Sisi vipimo vikiisha tulisoma mwili. Kwanza siku kupitiliza. Halafu matiti kujaa na kuuma, chuchu kuzidi weusi, mkojo wa kila mara, usingizi wa mchana, kuchukia harufu ya dagaa, mate kujaa mdomoni. Hakuna hata moja inayotosha peke yake. Kazi ilikuwa kuuliza. Huku mimba changa haitajwi. Mwanamke huifunika mpaka tumbo lenyewe liseme, maana wanaamini ikitajwa mapema jicho la mtu litaipata na itaharibika. Ukimwuliza mbele ya watu atakataa mchana kweupe.

Siku moja akaletwa Spesioza, msichana aliyeolewa karibuni. Aliyemleta ni mama mkwe wake, Mama Generoza, ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, mkulima hodari wa maharage. Akanipigia makofi ya salamu, mwakeye sista, yaani umeamkaje kwa lugha ya kwao, kisha akawa anajibu yeye kila swali. Mkamwana anaumwa tumbo, ni siku zake tu, damu kidogo, apewe dawa ya maumivu warudi shambani. Spesioza akaitikia kwa kichwa. Lakini alikuwa amejikunja upande mmoja, na alipoinuka aliyumba. Nikafunua kope lake la chini, ndani ni peupe, damu imemwishia.

Nikamwomba Mama Generoza akanichotee maji bombani. Alininunia huyo! Alipotoka nikafunga mlango, nikamwuliza kama ana mimba. Spesioza akakataa mara ya kwanza, akakataa tena. Nikamwambia mimi naogopa, aitazame mikono yangu inavyotetemeka. Ndipo akanong'ona.

"Ninayo, sista. Usimwambie mama. Ya kwanza niliitaja, ikatoka."

Kisha akasema hata bega linamuuma, na hajabeba kitu.

Hapo nikaelewa. Mimba ikitunga nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija, na mrija ukapasuka, damu humwagikia ndani ya tumbo na maumivu hupanda mpaka begani. Inayoonekana nje ni kidogo, ndiyo maana watu husema ni siku zake. Mganga Mfawidhi hakubishana. Alimtundikia dripu, mimi nikakimbilia barabarani kusimamisha pikapu ya mnunuzi wa maharage. Njia nzima hadi hospitali Kibondo nilimshika mkono, unazidi kuwa wa baridi, na niliogopa kumtazama usoni. Mama Generoza alikaa kando yetu bila kuuliza kitu.

Wakampasua. Daktari wa zamu alipotoka kutafuta wa kutoa damu, Mama Generoza alisimama kabla hajamaliza kusema. Baadaye tukakaa wawili nje ya chumba cha upasuaji, nami nikihangaika jinsi ya kutunza siri ya mgonjwa. Akanitangulia.

"Alikuwa nayo, siyo?"

Nikamwambia tumsubiri daktari.

"Nilijua, sista. Nilimwona anatema mate asubuhi nyuma ya jiko. Nilikaa kimya ili isiharibike."

Akajifunika kanga usoni, akalia. Spesioza alipona, ila mimba ile haikuwa ya kuokolewa. Walikuwa wanakula chungu kimoja, kila mmoja anajua, na nusura mmoja amzike mwenzake.

Baadaye nilihamishiwa Kasanda, kisha Kasulu, chini ya Muuguzi Mkuu aliyetufokea tusipowatoa ndugu kwanza ndipo tumhoji mgonjwa. Nilimpenda kwa hilo. Nilistaafu hapa Kasulu, nikajenga, naishi na mwanangu na mkewe.

Mwezi huu mkamwana wangu ameacha chai ya maziwa. Dagaa wakikaangwa anatoka nje. Nimeona yote, na mimi, mkunga mstaafu, nikafunga mdomo eti nisije nikaiharibu. Woga gani huu jamani, mtu mzima! Leo asubuhi nimefunga mlango wa jikoni nikamwuliza. Akaweka mwiko chini.

"Mama, nilikuwa naomba uulize," akasema. "Tumbo linaniuma toka juzi, upande huu."

Tuko hospitalini sasa. Wamemwingiza kwenye kipimo cha picha, na mimi niko hapa nje naandika haya ili mikono iache kutetemeka.